Maji ya mvua ku mine: kazi ya Novemba inafanyika mu Juni



Vijana wenye wanamaliza masomo sasa wananiuliza mara mingi: "Yaya, mutu wa mazingira anafanyaka nini ku mine? Anapandaka miti?" Ndiyo, tunapanda miti, na siku ya kupanda miti njo siku wakubwa wanakuja kupiga picha. Lakini kazi yenyewe, ile yenye inakunyima usingizi toka Novemba mpaka Aprili, ni maji ya mvua. Leo nataka kuieleza kwa maneno mepesi, kwa sababu wengi kati yetu watasaini rapoti za maji bila kuwa wameona hata siku moja maji hayo yakitembea. Miye mwenyewe nilisaini. Nitaanzia pale.

Jumapili moja asubuhi

Ilikuwa msimu wangu wa pili wa mvua ku mine moja upande wa Likasi. Jina la kampani naliacha, maana kasoro nitakayoeleza nimeiona tena mahali pengine. Usiku wa Jumamosi, mwezi wa 12, ilinyesha mvua ya ngurumo kwa saa 2 hivi. Asubuhi mlinzi akanipigia simu: "Enjenieri, basini inapita."

Basini ni lile shimo kubwa lenye kuta za udongo, chini kabisa ya mine, ambamo maji yote ya mvua yaliyogusa uwanja wetu yanakusanyika. Yanatakiwa kulala mle mpaka uchafu ushuke chini, kisha tunayarudisha kiwandani na pompo. Nilipofika, nilisoma kipimo cha mvua: milimita 50. Maji ya rangi ya matofali, yenye kuvuta kidogo kwa kijani, yalikuwa yanatoka ku mlango wa dharura na kuingia mu kijito. Nikachovya kifaa: pH 5. Kila mwezi mu rapoti nilikuwa naandika 7 na kitu.

Nikashuka mpaka kijijini. Mama mmoja mwenye bustani ya lengalenga na matembele kando ya kijito alikuwa amesimama, amevaa tayari kwa kwenda kusali. Visamaki vidogo vilikuwa vinaelea mu maji, tumbo juu. Aliniangalia, akasema pole pole:

"Enjenieri, kila mwezi unakuyaka hapa na chupa zako. Unapima, unatuambia maji iko bien. Hii njo maji yenye ulipimaka?"

"Hapana, Mama. Ile ilikuwa siku ingine."

"Basi siye tunakunywaka siku gani?"

Sikuwa na jibu. Nilienda mu biro, nikafungua rapoti za mwaka mzima. Kila mwezi nilichukua maji Jumanne ya kwanza, saa 3 asubuhi, jua likiwaka. Kila mwezi niliandika kwamba maji yako sawa na sheria. Namba zote zilikuwa za kweli. Lakini hakuna hata moja iliyochukuliwa wakati mvua inanyesha, na uchafu wa mine unatoka wakati mvua inanyesha.

Hesabu ya mvua

Bandugu, tuanze na hesabu ndogo, maana watu wengi hawaogopi mvua kwa sababu hawajaihesabu. Kwetu Haut-Katanga na Lualaba mvua inaanza kati ya Oktoba na Novemba, inaisha Aprili. Lubumbashi inapata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote mu miezi hiyo. Miezi mingine ni vumbi tupu. Mgeni akifika Julai, akaona karieri kavu na magari ya maji yakimwagia barabara, anasema hapa shida ni kukosa maji.

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni litre 1. Kwa hiyo milimita 50 juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 500. Uwanja wetu, yaani kiwanda, garaji, barabara, na mahali pa kulundika mawe ya madini, ulikuwa hekta 30. Ile mvua ya Jumamosi iliangusha pale mita za ujazo 15,000. Mu pori, udongo na majani vingekunywa sehemu kubwa. Lakini ardhi ya mine imekanyagwa na kamiyo mpaka imekuwa ngumu sawa sima. Hesabu kwamba 80 kwa 100 inatiririka: mita za ujazo 12,000.

Basini letu lilikuwa na urefu wa mita 80, upana mita 50, kina mita 3 na nusu. Ni mita za ujazo 14,000. Ku karatasi, basini linatosha, na nafasi kidogo inabaki. Waliolichora walifanya kazi yao vizuri. Sasa kwa nini lilipita?

Sababu ya kwanza: tope. Jumatatu tulishusha nguzo yenye alama za mita. Mita 2 za chini zilikuwa tope la misimu iliyopita. Hakuna mtu aliyelitoa. Nafasi iliyobaki ilikuwa mita za ujazo 6,000 tu, hata tukisema halikuwa na tone la maji kabla ya mvua.

Sababu ya pili: maji ya kilima. Juu ya mine kuna mteremko wa hekta 45, miti na majani. Maji yake ni safi. Toka mwanzo walichimba kanivo ya kuyapitisha pembeni, yaende mu kijito bila kugusa mine. Lakini barabara mpya ya kamiyo ilikata ile kanivo, na hakuna mtu aliyeweka tuyo chini ya barabara. Maji ya kilima yakafuata barabara, yakaingia kwetu. Tukihesabu kwamba 30 tu kwa 100 yalitiririka, ni mita za ujazo 6,750 zaidi.

Jumlisha: 12,000 na 6,750 ni 18,750. Nafasi ni 6,000. Yaliyobaki yote, zaidi ya 12,000, yalienda kwa yule Mama.

Tuangalie tena. Mvua ile ile, basini lile lile, lakini tope limetolewa na kanivo ya juu ni nzima: 12,000 zinaingia mu nafasi ya 14,000. Hakuna kinachotoka. Hatukuhitaji basini jipya wala mashine ya bei kali. Tulihitaji beshi, tuyo, na wiki chache za mashine ya kuchimba mu Juni.

Na nilikuwa nimeambiwa. Muzee mmoja, kibarua wa kusafisha kanivo, mzaliwa wa kijiji kile, aliniambia mu Agosti: "Enjenieri, kanivo ya kule juu ilikufa. Barabara ilikata yeye." Nikaandika mu daftari, nikamweleza shefu. Shefu akasema mfuko wa mwaka umeisha, tutaona Januari. Sikusisitiza. Mvua haikungoja Januari.

Maji ya namna 3, kila moja na njia yake

Kama utakumbuka paka kitu kimoja kutoka makala hii, kiwe hiki: ku mine kuna maji ya namna 3, na kazi yetu ni kuyazuia yasikutane.

Ya kwanza ni maji safi, yenye hayajagusa kitu chetu: mvua ya kilima, chemchemi, mto unaopita. Haya yapitishwe pembeni na yaende zao. Kila litre ya maji safi unayoiruhusu kuingia inakuwa litre ya maji machafu, na utailipia pompo na chokaa.

Ya pili ni maji ya mvua yaliyogusa mine: yaliyopita juu ya lundo la mawe, barabara, shimo la karieri, garaji. Haya yaende mu basini, yalale, yapimwe, yatumike tena kiwandani ama yasafishwe kabla ya kutoka.

Ya tatu ni maji ya kiwanda chenyewe. Kwetu madini mengi ya shaba na kobalti yanayeyushwa kwa asidi ya salfa. Maji ya asidi na tope lake yanatakiwa kuzunguka ndani: kiwanda, bwawa la tope, kiwanda. Hayana ruhusa ya kuona mto. Na bwawa la tope lisigeuzwe pa kumwagia maji ya mvua kwa sababu basini limejaa. Nimeona wakifanya hivyo usiku, pompo moja na tuyo moja. Kila mita ya maji unayoongeza pale inasukuma ukuta.

Majirani zetu wa Zambia walilipa bei. Tarehe 18 Februari 2025, karibu na Chambishi, ukuta wa bwawa la tope la kiwanda cha shaba ulivunjika. Maji ya asidi yakaingia mu kijito Mwambashi, kisha mu mto Kafue. Samaki wakafa, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya robine. Chambishi iko ku ukanda ule ule wa shaba wenye unatulisha siye.

Maji yanabeba nini

Wengi wanafikiri uchafu wa mine ni asidi peke yake. Asidi iko, na inaweza kuzaliwa hata mahali pasipo na kiwanda. Mawe yenye piriti, ile salfidi ya chuma yenye kung'aa sawa dhahabu, yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi ya salfa, na kuna bakteria zinazoharakisha kazi hiyo. Lundo la mawe tupu linaweza kufanya hivyo miaka mingi baada ya kampani kuondoka.

Kwetu Katanga tuna bahati kidogo: madini yetu mengi yanakaa ndani ya mawe ya dolomia, ambayo yanapunguza asidi sawa chokaa. Kwa hiyo mara mingi maji yetu yanatoka na pH nzuri, 7 ama zaidi. Na hapo njo tunadanganyika. Shaba inashuka pH ikipanda, lakini kobalti, zinki na manganezi vinaweza kubaki vimeyeyuka mu maji yenye pH ya kawaida. Mtu akikuonyesha pH tu na kusema "maji iko bien", muulize: na kobalti?

Jambo lingine: mnywaji na samaki hawana kipimo kimoja. Shirika la Afya Duniani linaweka shaba mu maji ya kunywa mwisho miligramu 2 kwa litre. Lakini samaki wadogo na vidudu wanavyokula vinaweza kuumia kwa shaba kidogo sana, mara kumi na mara mingi chini ya hiyo, zaidi mu maji yasiyo na chokaa mingi. Samaki wakifa na maji yakiwa bado yanaonekana mazuri, tusiseme ni uchawi.

Kisha kuna udongo wenyewe. Metali zinashikamana na chembe ndogo za udongo. Maji ya mavi-mavi yenye rangi ya matofali yanabeba metali hata kama, ukiyachuja, maji yaliyobaki ni safi. Udongo huo unalala chini ya kijito, mu bustani, mu mchanga ambamo watoto wanachezea. Kwa upande wa Likasi, mto Panda unaingia mu Lufira, Lufira inafika mu ziwa Tshangalele, lile lililotokea wakati wa barrage ya Mwadingusha mwaka 1930. Wavuvi wa Tshangalele wanauzisha samaki mpaka ku masoko ya mijini. Kile tunachoachilia huku juu, tunaweza kukikuta tena ku sahani, pembeni ya bukari.

Na hatuwezi kusema hatukujua. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na mine na viwanda vya Katanga wana kobalti mingi sana mu mkojo wao, na watoto zaidi. Haitoki mu maji peke yake, vumbi na chakula viko pia. Lakini maji ni njia moja, na hiyo iko mikononi mwetu.

Tusisahau garaji. Mazuti na mafuta ya injini yanaanguka chini kila siku. Dawa yake ni rahisi: kufunika pa kutengenezea magari na paa ili mvua isifike, sakafu ya sima, ukingo pande zote, na kisanduku cha kutenga mafuta na maji kabla ya kutoka. Kisanduku hicho kisiposafishwa, kinajaa, na mafuta yanapita sawa mutu mwenye tiketi.

Kwa nini maji lazima yalale

Vijana wengine wanafikiri basini ni shimo la kujaza tu. Basini ni saa. Chembe ya mchanga mwembamba, sehemu ya 10 ya milimita, inashuka mita 1 ya maji mu dakika 2 hivi. Chembe ya sehemu ya 100 ya milimita inahitaji saa 3. Chembe ya udongo wa mfinyanzi, sehemu ya 1,000 ya milimita, inahitaji karibu siku 13, na maji yatulie kabisa.

Maana yake: basini lililojaa tope halipotezi nafasi peke yake, linapoteza muda. Maji yanaingia upande huu, yanatoka upande ule mu nusu saa. Mchanga umebaki, udongo mwembamba umepita, na metali nyingi ziko ku udongo mwembamba.

Kwa hiyo tunafanya vitu vitatu. Kwanza, kupunguza mbio ya maji toka juu: kanivo yenye mawe chini, vizuizi vidogo vya mawe kila mita kadhaa, na majani ya vetiver ku kingo. Mizizi ya vetiver inashuka mita 2 ama 3 na inashika udongo vizuri. Pili, basini mbili zinazofuatana: ndogo mbele ya kushika mchanga, ambayo mashine inaweza kuisafisha hata wakati wa mvua, na kubwa nyuma kwa udongo mwembamba. Tatu, dawa ya kukusanya chembe ndogo ziwe kubwa na zishuke haraka, kama muda hautoshi.

Metali zikiwa zimeyeyuka, kulala hakutoshi. Hapo tunaweka chokaa. pH ikipanda mpaka 9 hivi, shaba, kobalti na zinki vinageuka tope na kushuka; manganezi inataka zaidi ya hapo. Lakini angalieni: chokaa ikizidi, maji ya pH 11 yanaua kijito sawa na asidi, kwa hiyo ishushwe tena kabla ya kutoka. Na lile tope la chokaa limejaa metali. Linaenda mu bwawa la tope, si nyuma ya ukuta.

Mlango wa dharura nao ueleweke vizuri. Ukuta wa udongo, maji yakipita juu yake, unaliwa mu saa chache na kuvunjika. Ndiyo maana tunaweka mlango wa mawe ama sima, chini ya kilele cha ukuta, ili mvua kubwa kupita zote itoke bila kuvunja kitu. Mlango huo ni wa kuokoa ukuta mu mvua ya miaka mingi. Kama unatumika kila mwaka, basini lako ni dogo ama limejaa tope.

Kupima saa yenye inafaa

Mu miezi ya kiangazi, ku mawe ya lundo kunaota chumvi nyeupe, wakati mwingine za kijani ama buluu. Watoto wanaziona nzuri. Ni salfati za metali, maji yamekauka na kuziacha pale. Mvua ya kwanza ya Novemba inaziyeyusha zote pamoja, na inakokota vumbi la miezi 5. Maji ya nusu saa ya kwanza njo machafu kuliko yote ya mwaka. Ukipima siku 3 baadaye, hutaona kitu.

Toka ile Jumapili, nafuata masharti haya. Chupa ziko tayari mu gari kuanzia Oktoba. Mvua ikizidi milimita 20, mtu anatoka, hata usiku kama njia ni salama. Tunapima mahali 3: juu ya mine, ku mdomo wa basini, na chini mbele ya kijiji. Tusipopima juu, kila kitu kitasemwa kimetoka kwetu, ama kila kitu kitasemwa kimetoka kwingine. Rapoti inaandika saa ya kuchukua maji na mvua ya saa 24 zilizotangulia. Rapoti isiyoandika mvua, miye siisaini.

Kuna pia vipimo vya bei ndogo. Kipimo cha mvua cha plastiki, karatasi za pH, na bomba la kioo lenye alama chini la kuangalia kama maji ni mavi-mavi: vyote vinaweza kukaa kijijini. Kijana mmoja pale anasoma kipimo cha mvua kila asubuhi na kunitumia namba mu WhatsApp. Mara mbili aliniambia maji yamebadilika rangi kabla ya mlinzi wetu kujua.

Kalenda

Hii njo sehemu naomba muinakili.

Aprili na Mei, mvua ikiisha: pima kina cha tope mu basini zote. Tembea kanivo zote kwa miguu, na si ndani ya gari. Tembea na wale wanaozisafisha, wanajua kila mahali maji yanavunja.

Juni mpaka Agosti: toa tope, tengeneza kuta, weka tuyo chini ya kila barabara mpya. Peleka bei ya kazi hizo ku biro ya fedha toka Januari, maana mfuko unafungwa mapema.

Septemba: pampu na jenereta zijaribiwe zikiwa na mzigo. Chokaa iwe imenunuliwa na imefunikwa. Basini liwe tupu. Basini lenye maji nusu mu Septemba limekwisha kushindwa nusu.

Oktoba: zoezi. Nani anaitwa usiku, nani anafungua, nani anafunga, nani anapigia simu shefu wa kijiji. Namba yake iwe ku ukuta.

Novemba: mvua inakuja kusahihisha mtihani.

Sheria, na sahihi yetu

Sheria ya mine ya 2002, vile ilibadilishwa Machi 2018, inamlazimisha mwenye mine kuwa na mpango wa kusimamia mazingira na jamii, ule tunaitaka PGES, na inamfanya alipe hasara aliyoiletea watu na mazingira hata kama kosa halikuthibitishwa. Ndani ya kila PGES niliyosoma kuna kanivo, kuna basini, kuna vipimo vya kila mwezi. Karatasi zetu ni nzuri. Lakini "kila mwezi" inaweza kutimizwa Jumanne ya jua, na hakuna mtu atakayekukamata.

Hapo njo diplome yetu inaingia. Inspekta anakuja mara chache. Mwanakijiji hana laboratwari. Mtu pekee aliyeona maji na anayejua maana yake ni yule enjenieri wa miaka 26 mwenye kalamu mkononi, mwenye anaogopa kupoteza kazi ambayo familia nzima inakula. Nilikuwa yeye, najua. Siwaambii muwe mashujaa. Nawaambia: andika saa, andika mvua, andika kina cha tope, na tuma onyo la kanivo iliyokatwa kwa maandishi, lenye tarehe na bei ya kuitengeneza. Nilipoonyesha shefu hesabu ile ya 18,750 na 6,000 ku ukurasa mmoja, pamoja na bei ya tuyo na bei ya kamiyo za maji tulizopeleka kijijini kwa wiki 5, hakubishana. Tuyo iliwekwa mwezi wa 5. Ningefanya ukurasa ule mu Agosti iliyotangulia, ule msimu ungepita sawa misimu mingine.

Mnaweza kuuliza Mama alifika wapi. Kampani ililipa bustani. Ilichimba kisima upande wa juu, mbali na kijito. Analima tena, na mwaka uliopita alinipa kifungu cha matembele, akakataa pesa. Lakini maji ya kijito hayakunywi tena, yeye wala wajukuu wake. Nilimweleza vipimo vipya, vya wakati wa mvua, kwamba ni vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Aksanti, mutoto yangu. Lakini siye tutakunywa ya kisima."

Sikumlaumu. Basini tulilisafisha mu wiki 6. Neno lake la kuniamini, miye bado nalitafuta.

Bandugu, tukiandika haya ni Agosti. Wale wako ku mine: kesho mushuke mpaka basini na nguzo.